Barua kwa Ambakisye aliyeko Hobart

Uyole, Mbeya

Mpendwa rafiki yangu Ambakisye,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi imetubana. Mama Subi anakusalimu na anakukumbusha ahadi yako, ambayo sikuthubutu kuuliza ni ipi.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu mkutano wa mtaa umeitishwa Jumamosi kuhusu uwanja wa mpira, nasi wa kamati tunatakiwa kueleza kwa nini kila kaya itoe mchango. Tangu uliponisimulia habari za Tasmania, jimbo lenu huko Australia, sijatulia. AFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia, ilipoikubalia Tasmania timu ya 19, Mei 2023, ilitoa sharti kwamba ujengwe uwanja mpya wenye paa, wa watazamaji 23,000, pale Macquarie Point, hapo Hobart. Lakini ligi yenyewe inachangia ujenzi huo dola milioni 15 tu za huko, ilhali serikali ya jimbo iliahidi milioni 375 na ile ya shirikisho milioni 240. Makadirio yalianza na milioni 715, sasa yamepita bilioni moja, katika jimbo lenye watu wasiofika 600,000! Huyo ni mjomba anayechangia harusi kreti moja ya soda, kisha anataka achague ukumbi.

Hata hivyo sina ubavu wa kuwacheka. Uwanja wa Sokoine wa hapa Mbeya unaujua. Baba Atu angali anasimulia jinsi wananchi walivyochangishwa enzi za chama kimoja, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 uwanja ukabaki mali ya CCM, kama Samora wa Iringa na Majimaji wa Songea. Halmashauri ya Jiji ikaanzisha Mbeya City mwaka 2011, timu ikapanda na kumaliza ya tatu katika Ligi Kuu msimu wa 2013/14, lakini hapo Sokoine ilikuwa mpangaji tu. Sina ugomvi na chama chochote. Ninachotaka ni maandishi.

Jana nilipitia daftari la mhazini wetu. Lina safu tatu: jina, kiasi, sahihi. Mmoja ameahidi saruji mifuko miwili, mwingine mchanga tripu moja, na hakuna mstari hata mmoja unaosema uwanja ukikamilika utakuwa wa nani. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hayo yatafuata baadaye. Baadaye lini, wakati saruji imeshakauka?

Basi nisaidie. Huko kwenu hati ya uwanja itakuwa kwa jina la nani? Gharama zikizidi, ni ligi au mlipa kodi atakayebeba? Mapato ya milangoni yatagawanywaje? Je, watoto wa shule wataruhusiwa kuutumia siku zisizo na mechi? Na wanaoupinga, hoja yao nzito ni ipi? Nipigie kabla ya Jumamosi, hata kama huku ni usiku wa manane.

Rafiki yako,
Tusajigwe