Shangazi, gari limeacha kulia. Nilipeleke hivyo hivyo?

Shangazi, shikamoo.

Usiku kucha sijafumba jicho, na usije ukacheka ukisikia sababu. Ni mlango wa gari. Ule wa nyuma, wa kuinua juu. Najua wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na watoto, mimi nakuja na buti linalogongagonga, lakini nisome mpaka mwisho kwa sababu si la buti peke yake.

Gari tulilinunua jipya, kwa wauzaji wenyewe, na dhamana bado inaendelea. Nalisema hilo mapema kwa kuwa yule bwana wa kaunta ya huduma alinitazama kana kwamba gari nimeliokota. Muda si mrefu mlango ukaanza kucheza. Ufunge vizuri, loki ishike, kisha uusukume kwa kiganja kwenye kona ya chini: unaingia kidogo, unarudi, tak. Barabarani kila tuta na kila shimo ni tak-tak-tak kisogoni. Kwenye lami nzuri unanyamaza kabisa. Sasa wao walifanya nini? Fundi alizunguka nalo kwenye uwanja wao uliosakafiwa ukateleza, akarudi, wakaniandikia kwenye karatasi ya kazi: "Hitilafu haikuonekana."

Maneno hayo yamenikaa kooni. Lakini yangekuwa hayo tu ningeyameza.

Mume wangu alikuwa amenisindikiza. Mimi ndiye ninayeliendesha gari, mimi ndiye niliyeeleza, na yule bwana alinisikiliza huku macho yakiwa kwa mume wangu. Nilipomaliza akamjibu yeye: "Bosi, gari za aina hii ndivyo zilivyo. Labda mama ana masikio makali." Na mume wangu akacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani tu. Ila alicheka, Shangazi.

Mimi si mtu wa shari. Nilizungumza kwa adabu mwanzo hadi mwisho, au tuseme karibu na mwisho. Na sikwenda pale kubahatisha. Nilikuwa nimeshatoa kila kitu butini, jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, hata lile kawa la kufunikia mizigo, nikaendesha gari likiwa tupu, mlio ukabaki pale pale. Nikamweka mpwa wangu kiti cha nyuma tukapita kwenye mashimo. Akiuvuta mlango kwa ndani, kimya. Akiuachia, tak. Nikachukua kipande cha karatasi, nikakilaza juu ya ile raba inayozunguka fremu, nikafunga mlango na kukivuta. Upande wa kulia kilishikwa barabara, upande wa kushoto chini kilitoka bila ubishi. Maana yake mlango haulali sawasawa kwenye raba yake. Nilipomweleza hilo yule bwana alisema neno moja tu: "Karatasi?" Akamtazama tena mume wangu.

Halafu kuna jambo ambalo si la masikio hata kidogo. Bomba la moshi linatokea pale pale chini ya mlango. Pakiwa na upenyo, moshi unaweza kuvutwa ndani, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ndani ya moshi huo haina rangi wala harufu. Watoto wanakaa nyuma. Sisemi nimeona moshi ndani, sijauona. Nasema hilo lingetosha mtu kuinama na kuangalia.

Basi nikaandika barua kwa meneja wao wa huduma. Nikaeleza mlio unatokea wapi na kwa mwendo gani, nikaambatanisha video aliyochukua mpwa wangu na nakala ya ile karatasi ya kazi. Nikaomba fundi aje barabarani nami, kwenye njia nitakayoichagua mimi. Meneja akajibu vizuri sana, kwa heshima, akakubali kila kitu, akanipa miadi. Nilidhani nitapumua.

Hapa ndipo pamenishinda. Katika kuisubiri hiyo miadi, jirani yetu ambaye ni fundi aliuona mlango ukitikisika wakati ninashusha mizigo. Akaniita, akanionyesha vipira viwili vyeusi kwenye kona za mlango, kimoja kila upande. Kumbe vina uzi kama wa skrubu. Ukivizungusha vinatoka nje, na mlango ukifungwa vinaubana usicheze. Sikuhitaji hata spana. Nilizungusha kwa vidole, nusu mzunguko, nikafunga, nikausukuma, nikarudia. Alinionya nisivitoe mno, maana mlango utakataa kushika mpaka uubamize, na kuubamiza kila siku ni kuiua loki. Kile cha kushoto kilikuwa kimezama kabisa, cha kulia kimetokeza. Hivyo ndivyo gari lilivyotoka kwao!

Mlio umekwisha. Karibu wote.

Nasema karibu kwa sababu chini kuna kile chuma cha kupinda ambacho loki inakishika, kimefungwa kwa bolti mbili, na rangi yake imechubuka upande mmoja tu. Jirani anasema hakijakaa katikati. Inatakiwa kulegeza bolti, kukisogeza kidogo sana na kukaza tena kwa nguvu iliyopimwa. Hicho nimekataa kukigusa. Ni kazi yao, dhamana ni yao.

Sasa jana jioni mume wangu akaliendesha. Tukapita matuta yote, kimya. Akanigeukia akasema, "Si unaona? Lilikuwa halijazoea tu." Nami nikanyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza, Shangazi, ulimi ulikuwa mzito. Tangu hapo ndiyo nimelala macho wazi.

Anataka tuende wote kwenye miadi. Hebu fikiria nimekaa na meneja na fundi wake, na mume wangu kiti cha nyuma, tunapita kwenye mashimo niliyoyachagua kwa mkono wangu, na mlango kimya. Nitasema nini? Nikisema nimevigusa vile vipira, wasije wakaning'ang'ania kwamba nimechezea gari na dhamana imekufa. Jirani anasema kuzungusha kipira si kubadilisha kitu, hakuna kilichokatwa wala kufunguliwa. Sawa, lakini si yeye atakayesimama pale kaunta.

Nimefikiria kuvirudisha vilivyokuwa. Dakika chache tu, vidole vyangu tu, na tak-tak yao wanaipata. Huo ni udanganyifu? Ninawarudishia kitu kama walivyonipa, sijaongeza chumvi. Ila nitakuwa nimelegeza mlango ambao watoto wangu wanakaa mbele yake, ili nishinde ubishi.

Sihitaji kuombwa radhi, ielewe hiyo. Ninachotaka ni kile chuma kiwekwe sawa na karatasi ya kazi iandikwe ukweli. Nikipata hayo nimetosheka. Ingawa kama yule bwana angesema mbele ya mume wangu kwamba mlango kweli ulikuwa umelegea, aseme akinitazama mimi, nisingekataa.

Wala usinishauri niende karakana nyingine nikalipie. Kwa nini nilipie kitu ambacho ni haki yangu? Wala usiseme niuze gari, nalipenda.

Niambie tu: vile vipira nivirudishe au niviache? Na huyu wa nyumbani, nimwambie kabla ya miadi kwamba halikuzoea lenyewe, nililikaza mimi, au nimwache alisikie kwa meneja? Nijibu upesi, miadi ni wiki ijayo, na jina langu usilitoe. Anakusoma kila Jumamosi.

Msomaji wako