YAH: Masasisho ya usalama yasiyomtaarifu mtumiaji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Chama chetu cha akiba na mikopo kinatumia kompyuta zenye mfumo endeshi wa Ubuntu mlizotuuzia pamoja na mkataba wa matengenezo. Mkataba unasema masasisho ya usalama yatajisakinisha yenyewe, na kweli yanajisakinisha. Ninacholalamikia ni kwamba yakishaingia, mtumiaji haambiwi afunge programu alizofungua na kuzifungua tena.

Faili jipya linakaa kwenye diski, lakini programu iliyokuwa wazi inaendelea na lile la zamani lililomo kwenye kumbukumbu, tundu lake la usalama likiwa palepale. Wahasibu wetu hawazimi mashine jioni. Wanafunga skrini na kwenda zao. Juzi niliendesha amri ya lsof, inayoorodhesha mafaili yanayotumiwa na programu, kwenye kompyuta ya dirisha la malipo, nikakuta programu ya hesabu bado imeshikilia libssl (faili la OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano) ya zamani iliyokwisha kufutwa, ina alama ya DEL, yaani imefutwa. Ripoti yenu ya mwezi imeiandika mashine hiyohiyo kuwa "imelindwa". Hilo si kweli, na limeniudhi kuliko yote, maana bodi yetu inaiamini ripoti hiyo na humo mna fedha za wanachama.

Ninyi ni wataalamu. Hamkosi kukumbuka Heartbleed, tundu la OpenSSL lililotangazwa Aprili 2014. Seva iliyowekewa OpenSSL mpya bila kuwashwa upya huduma zake iliendelea kuvujisha siri kana kwamba haijaguswa.

Wala dawa si ngeni. Ubuntu ya seva, tangu toleo la 22.04, huja na programu ya needrestart, inayotaja huduma zinazohitaji kuwashwa upya. Kwenye mashine zetu za mezani hamkuiweka. Hata faili la reboot-required, linaloandikwa kernel (kiini cha mfumo endeshi) inaposasishwa ili kuonyesha kuwa mashine inahitaji kuwashwa upya, hakuna anayemwonyesha mtumiaji.

Tunataka taarifa itokee kwenye skrini, kwa Kiswahili, itaje programu kwa jina na imwachie mtumiaji achague muda. Msifunge programu kwa nguvu. Karani anaweza kuwa katikati ya kuingiza marejesho ya mkopo. Ripoti nazo zitenganishe sasisho lililosakinishwa na lililoanza kutumika.

Naomba majibu kwa maandishi kabla hatujalipa ada ya robo mwaka ijayo.

Wako,
Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta