Barua ya malalamiko: Hilux yangu bado inavuta kushoto baada ya alaimenti mbili

Msafirishaji wa nyanya,
Ilula, Iringa.
28 Aprili

Meneja,
Kituo cha Matairi na Alaimenti,
Iringa Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA MARA MBILI KWA ALAIMENTI ISIYOKAMILIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Machi nilileta kwenu pikapu yangu, Toyota Hilux Vigo nyeupe, baada ya kuingia kwenye shimo na kubadilishiwa tairodi ya kushoto, ile fimbo inayogeuza gurudumu ukizungusha usukani. Nilifungiwa matairi mawili mapya ya mbele, gari likapandishwa kwenye mashine, nikalipa shilingi 40,000 za alaimenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa, na kupewa karatasi ya vipimo. Fundi akaniambia gari liko sawa. Kabla sijafika nyumbani nilijua haliko sawa: nikilegeza mkono tu, linakwenda kushoto.

Nilirudi tarehe 9. Fundi wenu alisema ni mwinamo wa barabara. Nakubali kwamba barabara zetu zimelazwa pembeni ili maji yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari lolote litaelekea huko kidogo. Lakini nilikuwa nimeshalijaribu kwenye barabara ya vumbi iliyo pana na tambarare, asubuhi hakuna mtu, nikipita katikati kabisa kwenye mgongo wake. Lilivuta kushoto vilevile. Nilimweleza hayo. Akalipandisha tena kwenye mashine, akagusa tairodi, akanyoosha usukani, nikatozwa 40,000 nyingine. Usukani sasa umekaa katikati vizuri. Gari bado linavuta.

Kwa mara ya tatu sikuja kwenu. Nilikaa na fundi wa hapa kijijini siku nzima, tukaondoa sababu moja baada ya nyingine. Tulianza na upepo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Tukajaza 32 mbele kote. Halikubadilika. Tukahamisha matairi ya mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Kama kosa lingekuwa la tairi, gari lingegeuka na kuvuta kulia, au lingeacha. Liliendelea kushoto. Tukapiga jeki tukazungusha magurudumu kwa mkono, yote mawili yakazunguka mepesi. Na baada ya mwendo wa kilomita 20 tulishika rimu zote mbili, joto lilikuwa sawa, kwa hiyo hakuna breki iliyong'ang'ania. Nyuma tulipima kwa kamba umbali wa ekseli na fremu pande zote, maana boliti ya katikati ya springi ikikatika ekseli husogea na gari zima hukaa mshazari. Ilikuwa sawa. Bushi na bolijointi, yaani viungo vya mikono inayoshika magurudumu, tulizipima kwa mtaimbo, hazijalegea.

Ndipo tukaisoma karatasi yenu. Naomba na wewe uisome, nakala nimeiambatanisha.

Tou, yaani namna matairi ya mbele yanavyotazamana, ni ya kijani, yaani sawa, pande zote mbili. Hiyo ndiyo mliyorekebisha, na ndiyo pekee. Kasta, ambayo nitaieleza hapa chini, kulia ni digrii 3.1, kushoto ni 1.8, na hiyo ya kushoto imeandikwa kwa rangi nyekundu, yaani haiko sawa, kwenye vipimo vya kabla ya kazi na vilevile kwenye vipimo vya baada ya kazi. Kemba, yaani tairi kulala ndani au nje kwa juu, kulia ni 0.2, kushoto ni 1.3 kuelekea nje, nyekundu pia, kabla na baada. Karatasi ya tarehe 9 ina namba zilezile.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu. Uma wa mbele wa baiskeli haujasimama wima, umelalia nyuma kuelekea kwa mpandaji. Mlalo huo ndio unaofanya gurudumu lishike njia na usukani urudi wenyewe baada ya kona. Kwenye gari mlalo huo ndiyo kasta, na pande mbili zisipolingana gari huvutwa kwenye upande wenye kasta ndogo. Huvutwa pia kwenye upande ambao tairi limelala nje zaidi. Kwangu yote mawili yako kushoto. Mashine yenu iliona, ikaandika kwa wino mwekundu, mara mbili. Hakuna aliyeniambia.

Vigo hurekebishwa kasta na kemba kwa boliti mbili za mkono wa chini unaoshika gurudumu, kila upande, ambazo zina kisahani kisicho katikati, ukizizungusha mkono husogea. Tuliingia chini ya gari. Boliti za kushoto zimeganda kwa kutu, na juu ya nati zake kuna tope lililokauka la masika ya mwaka jana. Hakuna alama ya spana. Naelewa kwamba boliti ya namna hiyo ni kazi ngumu. Wakati mwingine lazima ikatwe na bushi ibadilishwe. Kama fundi angeniambia, "Mzee, boliti zimeganda, tunahitaji siku moja na vipuri," ningelipa na kusubiri. Kilichoniumiza ni kuambiwa gari liko sawa na mtu aliyeshika karatasi inayosema haliko sawa.

Gari hili hubeba matenga ya nyanya kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam. Maana yake nateremka mlima Kitonga na mzigo, usiku, malori mbele na nyuma, mikono ikishikilia usukani kulia muda wote. Nikifika Mikumi bega limekufa ganzi. Mwanangu ndiye tandiboi wangu, anakaa kushoto, upande ule gari linakokwenda. Nimeshafanya safari nne hivyo, na tairi lililokuwa kushoto limeanza kuliwa bega la nje wakati mwenzake bado ni jipya.

Naomba mnirudishie 40,000 za tarehe 9, kwa sababu siku hiyo mlitoza kurudia kazi ambayo haikugusa kosa. Naomba boliti za kushoto zifunguliwe, na zikishindikana zibadilishwe. Vipuri nitanunua mimi, kazi iwe yenu. Kasta na kemba zipangwe kwanza, tou iwe ya mwisho, maana ukigusa hizo mbili tou nayo huhama. Kisha fundi atoke nami barabarani kabla gari halijakabidhiwa. Kuhusu tairi, nitalileta ulione mwenyewe, tuzungumze.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka karatasi zote mbili na risiti zake Tume ya Ushindani. Nimesimamisha safari za Dar hadi gari litengenezwe. Kwa sasa nyanya zangu zinakwenda kwa gari la kukodi.

Mteja wenu,
mwenye Hilux nyeupe ya Ilula.

Viambatisho: nakala za karatasi mbili za vipimo, risiti mbili, na picha tatu za boliti za kushoto.