Tuanze na Mlango Kabla ya Rangi

Wenye matatu wengi wanaoleta chesisi mpya (fremu yenye injini na magurudumu) kwenye karakana yetu ya kujenga bodi huulizia kwanza michoro, taa na muziki. Kazi hiyo tunaifanya na tunaipenda, lakini kabla ya kushika rangi tunaomba tuzungumzie mlango.

Magari mengi ya viti 33 jijini Nairobi yamejengwa juu ya chesisi ya Isuzu NQR, ambayo asili yake ni lori. Fremu yake hupita juu ya ekseli zote mbili, kwa hiyo sakafu haina budi kukaa juu. Ndiyo maana mama aliyebeba mtoto mgongoni hulazimika kushika chuma, kuinua goti na kungoja kondakta amvute mkono, huku gari likianza kuondoka. Mzee anayeumwa na magoti akishapanda hivyo mara moja, safari nyingine atangoja gari la mwenzako.

Fremu hatuikati. Tunachoweza ni kushusha kidato cha kwanza cha ngazi ya mlangoni, kuvipa vidato vyote kimo kimoja, kupanua mlango na kufunga vyuma vya kushikia pande zote mbili, vya rangi ya njano ili vionekane hata usiku. Wala hatuongezi kiti kinachokiuka KS 372, kiwango cha Kenya cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, hata mteja akiahidi kulipa zaidi, kwa sababu abiria anayesafiri magoti yakiwa yamebanwa hajahudumiwa.

Siku hizi tunaulizwa sana kuhusu umeme, hasa tangu kampuni ya BasiGo ilipoanza kufanyia majaribio mabasi ya umeme ya BYD, kampuni ya China, jijini mwaka 2022. Basi la umeme halitoi moshi kituoni, halitetemeshi viti, na dereva anapopunguza mwendo mota hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, faida inayoonekana zaidi katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, moshi huo haujahamishiwa kwa watu wengine. Zaidi ya hayo, basi lililobuniwa kwa umeme tangu mwanzo halina injini kubwa ya mbele, na mbunifu hupata uhuru wa kushusha sakafu mlangoni.

Bei ya kununua bado ni nzito, na betri inahitaji mahali pa kuchajiwa usiku. Kwa njia fupi za mjini, ambako gari hurudi kulala mahali pamoja, tunashauri upige hesabu hiyo sasa. Kwa safari ndefu za mashambani, dizeli inayotunzwa vizuri bado ina nafasi yake.

Ukija karakanani, njoo na kondakta wako. Yeye ndiye anayejua abiria hukwama wapi.