Pole tumeshazipokea, sasa tunaomba zamu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Niliisoma ile makala ya afya iliyowashauri wanaouguza wagonjwa majumbani wajipende, wafanye mazoezi, wale vizuri, walale masaa nane na wasisahau kujipa muda wa peke yao. Ushauri mzuri, sina ugomvi na aliyeandika, ila nikajiuliza huyu ndugu ashawahi kuuguza kweli? Manake hayo masaa nane unayatoa wapi wakati mgonjwa asiyejiweza kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi asipate vidonda vya mgongo, unaamka saa nane usiku kumgeuza unakuta shuka limelowa, unabadilisha, unamfuta, unampaka mafuta, ukimaliza usingizi umeshakata na saa kumi ndo hiyo inagonga. Mwambie huyo mtu afanye yoga uone atakavyokuangalia.

Mimi nalipwa kuhudumia wagonjwa nyumbani kwao, na kabla ya kulipwa niliifanya bure kwa mzazi wangu kama wengi tu. Ninachotaka kusema ni kimoja: anayeuguza haishiwi nguvu kwa sababu hana moyo au hajui kujipenda, anaishiwa kwa sababu masaa ya kazi yamemzidi mtu mmoja, na dawa yake ni mtu wa pili. Basi. Hayo ya mishumaa na miziki ya kutuliza akili yaje baadaye.

Angalieni grupu la WhatsApp la familia yoyote yenye mgonjwa. Anayeuguza akiandika "leo hajalala kabisa, na mimi nimechoka jamani" pole zinamiminika, Mungu akutie nguvu, vile viganja vya kuomba, mioyo, mwingine ataweka na voisi noti ndefu ya kumsifu kwamba wewe ndo nguzo yetu. Halafu aandike "nani anaweza kuja Jumamosi mchana nitoke kidogo?" Hapo utaziona tiki za bluu tu, kila mtu kasoma, hakuna anayejibu, baadaye kidogo mtu anatuma video ya kuchekesha na mada imekufa. Na hiyo "nguzo" mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni yule asiye na ajira au asiye na watoto, aliteuliwa bila kikao. Shirika la Kazi Duniani (ILO) kwenye ripoti yake ya 2018 lilisema kazi za kutunza watu na nyumba zisizolipwa zinakula masaa bilioni 16.4 kila siku duniani, na zaidi ya robo tatu ya masaa hayo ni ya wanawake. Hesabu hiyo ukiishusha kwenye nyumba moja ndo huyo dada wa kwenye grupu.

Kuna jambo linanikera kidogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019, kwenye orodha yake mpya ya magonjwa inayoitwa ICD-11, liliitambua hii hali ya kuishiwa nguvu (burnout) inayoletwa na stresi ya muda mrefu ya kazini, wakasema siyo ugonjwa wenyewe ila ni hali inayoathiri afya. Sawa. Lakini wakaandika kabisa kwamba ni ya kazini tu, isitumike kuelezea mambo mengine ya maisha. Yaani mimi nikichoka kwa mteja nahesabika, ila binti wa mteja anayenipokea saa kumi na mbili jioni akakesha mpaka asubuhi yeye hayumo. Wataalam wana sababu zao za kuweka mipaka, mimi hapo sikubaliani nao. Kitanda ni kilekile, pampasi ni zilezile, mgongo unaouma ni uleule, tofauti ni kwamba mimi mwisho wa mwezi kuna kitu kinaingia.

Na watu hawazijui dalili, wanadhani aliyeishiwa ataanza kulia. Wengi hawalii. Unamkuta mtu kasimama nje ya mlango, mkono uko kwenye kitasa, anamsikia mgonjwa anaita mara ya tatu, na ndani yake hakuna kitu, siyo hasira siyo huruma, kimya tu. Kwa wenzangu wa wodini utasikia "kitanda cha nane kachafua tena" na mzee wa watu ana jina lake limeandikwa pale pale juu ya kitanda. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kipimo chake cha hii hali ya kuishiwa, cha mwaka 1981, kinatumika mpaka leo, aliliweka hilo la kumuona mtu kama kitu kuwa moja ya alama tatu, nyingine ni hisia kukauka na kujiona hakuna cha maana unachofanya. Kwa hiyo ukijikuta hapo usijiite shetani, jua zamu imekuzidi. Lile wazo la usiku la "si bora hii ingeisha tu" nalo linawapitia wengi sana, hawalisemi kwa kuogopa kuonekana wanamuombea mtu kifo. Ila likigeuka kuwa hamu ya kumuumiza mgonjwa au kujiumiza mwenyewe, muache mgonjwa mahali salama, toka chumbani, mpigie mtu aje sasa hivi, na mwende hospitali, hiyo haisubiri kukuche.

Mwili nao unalipa. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 1999, waliwafuatilia wazee wanaouguza waume au wake zao, wale waliosema mzigo unawaelemea walionekana kuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka 4 iliyozidi ya wenzao wasiouguza kwa asilimia 63. Na ukiingia kwenye nyumba hizi unaona kwa nini, mtu anakutajia presha ya mgonjwa ya wiki nzima bila kuangalia popote, muulize yake, hajapima tangu huyo mgonjwa aanguke.

Sasa mtu wa pili anapatikanaje, manake ndugu wakiulizwa kwa ujumla "nani atasaidia" kila mtu anamwangalia mwenzake. Nilichoona kinafanya kazi kwenye nyumba ninazoingia ni kuandika. Chukua karatasi, andika masaa yote 24, saa hii dawa, saa hii kuoga, saa hii kugeuza, saa hii kumlisha kijiko kijiko (watu hawajui hiyo peke yake inaweza kula saa nzima), ipige picha uitume kwenye grupu, halafu usiombe msaada, omba kipande: kaka, wewe Jumanne saa nane mpaka saa kumi na mbili. Aliye mbali achukue kufuatilia dawa zikikaribia kuisha, kupanga siku za kliniki, kubishana na watu wa bima, hizo zote zinafanyika kwa simu. Asiyeweza kuja kabisa alipe wa kuja. Na pembeni ya kitanda liwepo daftari, limeandikwa dawa zake, analalia upande gani, maji anakunywa kwa mrija au kwa kijiko, akianza kuhangaika anataka nini, kwa sababu kisingizio kikubwa cha wanaouguza wenyewe ni "hakuna anayemjua kama mimi" na ni kweli hakuna, mpaka uandike.

Halafu hospitali. Hapa nina hasira nazo kwa jumla. Mgonjwa anaruhusiwa, ndugu anapewa mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi, hakuna aliyemuonyesha kumgeuza kwa kutumia shuka lililokunjwa chini ya mgonjwa badala ya kumvuta mikono, hakuna aliyemwambia akunje magoti asinyanyue kwa mgongo. Miezi michache mbele wagonjwa ni wawili. Ushauri wangu kwa ndugu, kabla hujasaini karatasi za kuondoka mwambie nesi, dada naomba nifanye mimi wewe ukiangalia. Ukishafanya mbele yake mara moja utajua wapi unakosea. Na uliza kama wana kikundi cha wanaouguza ugonjwa huohuo, kliniki nyingine wanavyo na hawatangazi. Kwa wenye mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, WHO wana programu ya mafunzo inaitwa iSupport, imetengenezwa kwa ajili ya anayemtunza, siyo mgonjwa.

Sisi wa kulipwa pia tuna yetu. Mkataba namba 189 wa ILO wa mwaka 2011 unaohusu wafanyakazi wa majumbani unataka mapumziko yasiyopungua masaa 24 mfululizo kila wiki. Wenzangu wengi wanaolala kwa wateja ofu kama hiyo wanaisikia tu, unalala chumba kimoja na mgonjwa, unaamka mara nne, asubuhi bosi anahesabu ulipumzika kwa sababu ulikuwa kitandani! Na mgonjwa akifa, uliyemuogesha mwaka mzima, unayejua alikuwa anaogopa giza, unaambiwa asante, kesho kutwa kuna mteja mpya. Nani anakuuliza unajisikiaje? Ajensi ikitupa hata siku mbili tatu katikati, na mtu wa kukaa naye tuongee yaliyotokea, nawahakikishia wangeacha kulalamika kwamba wahudumu wanaacha kazi bila taarifa.

Mhariri, mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 29 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya kazi hizi za matunzo. Mkiandaa ukurasa wa siku hiyo tunaomba ushauri wa kujipenda muuweke kando, mtuulizie maswali mawili. Wakubwa wa hospitali waulizeni kwa nini ndugu anaondoka na mgonjwa wa kugeuza bila kufundishwa kugeuza. Waajiri, wa ofisini na wa viwandani, waulizeni kama mfanyakazi mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kubadilishiwa shifti bila kutishiwa kazi yake. Majibu yao mtuchapishie kama walivyosema, na vyeo vyao.

Msomaji wenu, mhudumu wa wagonjwa majumbani.