Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, na ada zinasuasua kama mnavyojua. Mimi nitasemea jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: swali la "nani kaleta selimundu humu ndani?"

Akina mama wengi wanaojiunga nasi huja wameshaambiwa ukoo wao una damu mbaya. Tukaanzia hapo. Mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, amerithi jeni mbili za S, ile yenye kasoro, moja kwa baba, moja kwa mama. Kosa lenyewe ni dogo ajabu: kwenye kromosomu ya 11, katika jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, herufi moja tu ya DNA imebadilika, A ikawa T. Basi oksijeni ikipungua, himoglobini inashikamana nyuzinyuzi na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Ndiyo yale maumivu ya usiku wa manane.

Maharage yalitusaidia kuliko mabango. Bakuli mbili, kila moja ina punje nyekundu, ndiyo jeni ya kawaida (A), na nyeupe, ndiyo S. Baba anachota huku, mama kule, macho wamefumba. Nyeupe mbili ni SS. Baba mmoja alishikilia kwamba akishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata ni wazima, maana "daktari alisema mmoja kati ya wanne." Tukawapa bakuli yeye na mkewe. Wakatoa nyeupe mbili, wakarudisha punje, wakatoa nyeupe mbili tena. Ukumbi ukanyamaza.

Na kwa nini S imejaa kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa wenye AS, yaani S moja na A moja, wana kinga dhidi ya malaria. Waliobeba S moja walipona utotoni, wakakua, wakazaa. Wifi mmoja aliposikia hivyo alinuna, lakini neno "damu mbaya" hakulirudia.

Tulipokosea ni kuwapima wanandoa wakiwa tayari na watoto. Mwakani twende kwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Na wasiridhike na kile kipimo cha kuangalia kama chembe zinapinda, kwani hakitofautishi AS na SS. Waombe elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe nauli ya wajitoleaji wawili kwa kazi hiyo. Maharage tunayo.