Mwanangu, kuhusu mtungi wa gesi

Tukuyu

Mama yangu,

Habari za Iringa? Sisi huku hatujambo. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, chai inachipua kuliko tunavyoweza kuichuma, na mama yako anakusalimu sana.

Picha za mtungi wa gesi nimezipata zote. Zile za kabla ya kutoka, za njiani, na za uliporudi kuangalia tena huku kipindi cha kwanza kikikusubiri. Zote zinaonyesha koki imefungwa. Siku zote nimekujibu hivyo, na kuanzia sasa sitakujibu tena. Usikasirike, nisikilize kwanza.

Ulipotuambia daktari alichokueleza, kwamba una OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, mama yako aliuliza kama ndio ugonjwa uleule uliompata shangazi yako. Sio. Shangazi alikuwa na sonona. Unakumbuka alivyoacha shamba, hali, halali, hata wajukuu hawamchekeshi, anasema yeye ni mzigo tu kwa watu. Mtu akiwa hivyo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kuambiwa ajikaze. Wasiwasi uliozidi nao una sura yake: hofu ya ada, ya mazao, ya safari, ya afya ya watoto, zinapokezana miezi 6 na kuendelea, mwili umekaza na usingizi hauji.

Wako ni wa tatu. Zamani madaktari waliuhesabu ndani ya magonjwa ya wasiwasi, lakini mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa kundi lake. Unaanza na wazo linaloingia bila hodi: nyumba inaungua. Wazo halitoki mpaka ufanye kitu, urudi, ushike koki, uhesabu, upige picha. Ukishafanya unapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo chakula cha ugonjwa. Akili inajifunza kwamba nyumba imepona kwa sababu ulirudi, kumbe imepona kwa sababu koki ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Jibu langu kwenye simu linafanya kazi ileile ya kurudi mlangoni. Ndiyo maana nalikata.

Tiba aliyokuelekeza daktari inakwenda kinyume na matakwa ya ugonjwa: funga koki mara moja, toka, uache hofu ipande na usiifanyie lolote. Itapanda kweli, sitakudanganya. Halafu itashuka yenyewe bila wewe kurudi. Njia hii si ya jana. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika habari za wagonjwa wawili waliozuiwa kutimiza vitendo vyao, wakapata nafuu, wakati ambapo wengi waliamini ugonjwa huu hautibiki. Hutaanza na jambo gumu kuliko yote. Mtapanga pamoja na mtaalamu, kutoka lile jepesi kwenda lile zito.

Vidonge navyo vinahitaji subira. Ni jamii ileile ya dawa za sonona, ila kwa ugonjwa wako dozi mara nyingi huwa kubwa zaidi, na nafuu inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kisikufanye uzitupe, na ukipata nafuu usiziache ghafla bila daktari. Lakini ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, nami nipigie hata usiku wa manane. Hilo nitalijibu daima.

Lipo na lile ulilomnong'oneza mama yako, kwamba kanisani yanakujia matusi, na darasani ukishika mkasi unaona picha ya kumuumiza mwanafunzi. Hujamwambia daktari kwa kuogopa atakuona mtu mbaya. Mwambie. Ni dalili anazozifahamu vizuri. Ugonjwa huu hupenda kugusa hasa kile mtu anachokithamini, ndiyo maana mcha Mungu hujiwa na kufuru na mama mpole hujiwa na kisu. Anayetaka kuumiza watoto hafichi mikasi kabatini kama unavyofanya wewe.

Huku kuna waliokwisha kusema umerogwa. Kwetu mtu akiumwa bila homa lazima atafutwe jirani wa kubebeshwa. Waache. Maombi tunaendelea nayo, na mchungaji mwenyewe ndiye aliyetuhimiza usikose kliniki.

Angalia pia usije ukachoka mpaka sonona ikaingia juu ya haya, maana mara nyingi hufuatana. Ukiona hata kufundisha hakukupi raha kama zamani, litaje kliniki.

Tumekubaliana na mama yako, naye hatajibu habari za gesi, kwa hiyo usimzungukie. Ukituma picha nitakuuliza watoto wamefanyaje mtihani wa hesabu, au umepika nini. Ukinikasirikia nitavumilia.

Ndizi nimezifunga kwenye kiroba, zinakuja na basi la Alhamisi. Nauli ya mzigo nimelipa huku, usikubali kulipishwa tena stendi. Uniandikie tarehe ya kliniki ijayo, nataka nije tuingie wote kwa daktari, nina maswali yangu.

Baba yako